Maneno Yasiyotiiwa

Mhandisi Godeliva Ntakije alikuwa hajakaa hata vizuri kwenye benchi alipokaribia kuwaunguza wenyeji wake kwa sababu ya adabu.

Alikuwa ameingia kwenye nyumba ya mvuke ya kiwanda cha chumvi, kule Uvinza, akawakuta wanawake wa zamu ya asubuhi wakinywa uji. Wakamsogezea kikombe. Mmoja akainua birika na kumtazama kwa macho ya kuuliza, naye Godeliva, mtoto wa Kasulu aliyefundishwa kwamba mgeni hajaziwi kikombe siku ya kwanza, akasema, "Mimina kidogo tu, dada."

Juu ya vichwa vyao kitu kikaguna. Bomba pana la maji ya chumvi likainama polepole juu ya karai tupu lililokuwa kando ya benchi, likamimina. Likamimina kidogo tu, kama lilivyoambiwa. Lakini maji yenyewe yalikuwa yanachemka, na yalipogonga chuma kikavu yalirukaruka kila upande. Mwanamke mmoja mnene alimkamata Godeliva ukosi wa koti akamvuta nyuma kwa nguvu za mtu aliyezoea kuvuta magunia. Wengine waliruka na vikombe vyao. Uji ulimwagika, kisha benchi zima likaangua kicheko.

"Pole, Injinia," alisema yule mnene, akimpangusa bega. Huyo alikuwa Skolastika, msimamizi wa zamu, ambaye kila mtu alimwita Mama Skola. "Humu ndani maneno makavu ni ya mashine. Sisi kwa sisi tunaunga." Akamgeukia mwenye birika, akasema bila hata kuvuta pumzi, "Mbupebu ubujibu."

Mwenye birika akampa uji. Bomba halikutikisika.

Godeliva alikuwa amesoma habari za jambo hilo kabla ya kupanda treni, lakini kusoma ni kusoma. Kila baada ya silabi walipachika sauti moja, *bu*, nao walifanya hivyo kwa kasi ya watu wanaogombana sokoni. Walitaniana hivyo, wakahesabu mifuko hivyo, wakamsengenya yeye mgeni hivyo hivyo mbele ya uso wake. Alisikiliza kikombe kikiwa mkononi, akasahau kunywa. Alikuwa amefanya kazi na mashine zenye masikio tangu alipomaliza chuo, na hakuwahi kusikia kitu kizuri kama kile.

*

Kwa nini watu wazima waunge maneno kama watoto wanaomficha mama yao siri? Jibu lilikuwa kwenye kila nguzo ya nyumba ile, kisahani cheusi kisichozidi kiganja, ambacho wafanyakazi walikiita Sikio.

Zamani Sikio lilichagua wa kumtii. Lilijua sauti za wakubwa na mafundi, wengine likawapuuza. Kisha katika kiwanda kimoja cha kuyeyusha vyuma moto ukazuka, na aliyeuona alikuwa mama muuza maandazi aliyeingia kudai kikapu chake. Alipiga kelele mitambo izimwe. Mitambo haikumjua. Baada ya mazishi ikatungwa Sheria ya Koo: mashine yoyote inayofanya kazi karibu na watu itatii koo lolote la binadamu, papo hapo, bila kuuliza ni la nani wala kama ana hakika.

Sheria ilikuwa nzuri, na iliokoa wengi. Ila mashine haiwezi kutenganisha amri na soga. Ukimhadithia mwenzako jinsi mumeo alivyofungua mlango, mlango unafunguka. Kwa hiyo viwanda vingi vikawa vya mabubu. Godeliva alianzia kazi katika kimoja cha namna hiyo. Watu walijifunga vitambaa midomoni toka asubuhi, na walipotoka nje kula wakawa hawana la kusema, kwa sababu mazoea ya kusema yalikuwa yamewatoka. Alifanya kazi na msichana mmoja meza moja mpaka yule msichana akaolewa na kuhama, na hakuwahi kujua jina la kijiji chake.

Uvinza walikataa kunyamaza. Godeliva aliwapenda kwa hilo kabla hajawajua kwa majina.

*

"Usinielewe vibaya," alisema Meneja Mwombeki, akiwa amesimama dirishani ofisini kwake. "Sitaki kujua wanasema nini. Wanisengenye mimi mpaka wachoke."

Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ndogo, na alipozungumza alitazama nyumba ya mvuke, si mgeni wake.

"Perusi, mmoja wao, alipiga kelele, nikamsikia nikiwa hapa hapa. Reki ilikuwa imeshika mkono wa gauni lake." Reki ilikuwa chuma kirefu chenye meno, kilichozunguka ndani ya karai kubwa kukusanya chumvi. "Alisema simama. Lakini alisema kwa namna yao, sibumabumabu. Aliirudia na kuirudia. Sikio likaona ni soga tu, reki ikaendelea kuzunguka. Nilipofika nikaizima kwa neno moja kavu. Neno moja, Injinia! Mkono ulikuwa umekwenda."

"Kwa nini hakusema kikavu?"

"Wewe ukiungua unalia kwa lugha gani? Ile uliyoizoea." Akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu. "Lifundishe Sikio lisikie kila kitu. Sitambeba mwingine."

Godeliva aliiona kazi nyepesi. Aliona pia kwamba yule bwana alikuwa na haki.

*

Alikaa nao benchi moja siku baada ya siku, kishikwambi chake mapajani kikirekodi, na kila siku akazidi kuwastaajabia. Walikuwapo waliounga huku wakiimba. Walikuwapo waliopachika sauti mbili kwa mkupuo ili kumkomoa jirani. Mama Skola aliweza kuomba rozari nzima kwa kuunga, na alisema Bikira Maria hajawahi kulalamika.

Lakini lililomshinda Godeliva kabisa ni asili ya ile *bu*.

"Ya Alfonsina," alieleza Mama Skola, kana kwamba anataja dukani iliponunuliwa. "Mtoto wa Domitila. Kila mtoto wa kambi hii, siku atakayomtazama mtu usoni akabwabwaja kwa mara ya kwanza, ile sauti tunaichukua. Kesho yake ndiyo tunayoungia. Ya zamani inapumzika."

"Yoyote ile?"

"Tutachagua vipi? Kapo katoto kalitupa *fff*. Kambi nzima tulipuliza kama tunapoza chai mpaka katoto kengine kakatuhurumia." Wenzake walicheka kwa kumbukumbu. "Mtoto hajui amri, mwanangu. Hajui kumtii mtu wala kutiiwa. Tukaona sauti yake ndiyo inafaa."

Godeliva alibahatika kuwapo ilipobadilika. Mtoto Yusto, akiwa amebebwa na bibi yake, alimtazama mpishi wa uji usoni akasema *nge*, akarudia kwa msisitizo, na habari ikaenea kambi nzima kabla uji haujapoa. Kesho yake asubuhi ilikuwa vurugu tupu. Watu wazima waliopanda vyeo na kuzika wazazi walijikwaa kwenye maneno yao wenyewe, *bu* ikichomoza mahali pa *nge*, na kila aliyekosea alichekwa bila huruma. Ulimi hauna mfupa, lakini asubuhi ile ulikuwa nao. Kufikia mchana walikuwa wameshaizoea na wanagombana kama kawaida, na Yusto alipitishwa mikononi mwao kama bwana harusi.

Jioni ile, chumbani kwake, Godeliva aliandika kanuni yake. Ilikuwa fupi mno hata akaona haya kulipwa kwa ajili yake: sauti yoyote inayorudi baada ya kila silabi, iondoe, kinachobaki ndicho neno. Haikuhitaji kuambiwa kama ni *bu* au *nge*. Ingeijua hata sauti ya mtoto ambaye mama yake hajapata mimba. Alichezesha rekodi zake zote, na zote zikafunguka.

Alifurahi. Kisha akaanza kusikiliza kilichofunguka.

Domitila alikuwa akimwambia mwenzake kwamba anaogopa kuzaa tena, kwamba mara ya Alfonsina aliona mlango wa ahera ukifunguliwa. Kikongwe mmoja alikuwa akieleza jinsi ya kumuosha maiti. Na palikuwa na hadithi ndefu ya sungura aliyefungua ghala la mfalme, akamwaga pombe, akawasha moto, akainua jiwe. Godeliva alihesabu kwa akili yale ambayo Sikio lingefanya kama lingekuwa na kanuni yake. Milango, mabomba, majiko, winchi. Wasingekufa. Wangejua mapema, wangejifunga vitambaa midomoni, na nyumba ile ingekuwa kama ile aliyoanzia kazi.

Alizima kishikwambi, akakaa na mikono mapajani. Alijiona mwizi.

*

Perusi aliishi mlimani, upande wa pili wa reli. Godeliva alimkuta uani akimenya mihogo, muhogo ameubana kwa unyayo, kisu mkononi. Mkono wa pili wa gauni alikuwa ameufunga fundo.

"Mwakeye," alisalimu Godeliva.

"Mwakeye. Wewe ndiye Injinia. Wameniambia umeipenda sana lugha yetu."

"Sana, dada."

"Wote mnaipenda." Kisu hakikusimama. "Alikuja mwalimu mmoja, akaisikia, akatoa machozi. Akasema dunia nzima haina kitu kama hiki. Mimi siku ile niliunga vizuri, Injinia. Sikukosea hata silabi moja. Reki haikutoa machozi."

Godeliva alikaa chini, kwenye vumbi. Mwenye kovu usidhani kapoa, na yeye alikuwa amekuja akidhani. Alitaka kusema pole, akaona ni neno dogo.

"Ile hadithi ya sungura," alisema mwishowe, "nani huwa anaisimulia?"

Kisu kikasimama. "Wanaisimulia bado?"

"Kila siku. Nilidhani..."

"Ni yangu. Niliitunga mimi." Perusi alitazama upande wa kiwanda, moshi ulikokuwa unapanda. "Nilikuwa naisimulia siku ile. Nilikuwa nimefika pale anapoingia ghalani, wote wamenigeukia, na mimi nimeipa reki mgongo. Ndiyo maana ulimi wangu ulikuwa huko. Ulimi haukupata nafasi ya kurudi."

Godeliva akamweleza kila kitu. Akamweleza kanuni, na jinsi ilivyo fupi, na yatakayotokea kwa hadithi ikiwekwa.

"Sasa nifanye nini?"

"Nataka isikie," alisema Perusi. "Usinifunike kwa maneno matamu. Nataka mtu akilia pale, isikie." Akaudunga muhogo kwa kisu. "Na nataka watu waendelee kumsimulia sungura wangu. Wewe ndiye uliyesoma. Tafuta."

*

Alichokipata aliwapelekea wote, kwenye mabenchi ya uji, ambayo siku hiyo yalitolewa nje ili Sikio lisidake maneno yao makavu. Meneja Mwombeki alikuja akasimama mlangoni. Perusi alikuja pia, akakaa mwisho wa benchi, mbali na mlango, na hakuna aliyethubutu kumwambia asogee.

"Ninaweza kulifundisha Sikio sauti moja tu," alisema Godeliva. "Hii ya Yusto. Likisikia neno lililoungwa kwa *nge*, litatafuta humo *simama*, na likilikuta litasimamisha kila kitu. Mengine yote litayaacha yapite. Halitafungua, halitawasha, halitahifadhi. Akija mtoto mwingine, ninyi ndio mtakaoliambia sauti mpya. Msipoliambia, halijui."

"Na kwenye hadithi?" aliuliza Domitila. "Sungura akisimama?"

"Kiwanda kitasimama."

"Basi sungura wa Uvinza hatasimama tena," alisema Mama Skola. "Atakimbia mpaka ang'oke miguu." Walicheka, na hata Meneja alitabasamu, lakini yeye Mama Skola hakucheka. Alikuwa anamtazama Godeliva. "Umesema unaweza sauti moja tu. Ndivyo?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Godeliva angeweza kuitikia, mambo yakaisha kwa amani. Hakuna hata mmoja pale ambaye angegundua.

"Sivyo, mama. Naweza zote." Akawaonyesha kishikwambi. "Kanuni ninayo humu. Nikiiweka kwenye Sikio litawasikia daima, muunge kwa sauti yoyote. Leo litatafuta *simama* peke yake. Lakini siku mtu atakapoamua litafute na mengine, ninyi hamtakuwa na pa kukimbilia."

Vikombe vikawekwa chini, kimoja kimoja.

"Hiyo ndiyo niliyokuitia," alisema Meneja kwa sauti yake ndogo.

"Najua, Bwana Mwombeki. Nami siiweki." Hakuwahi kumkatalia mwajiri. "Unaweza kumwita mwingine."

"Huelewi. Mtoto atabwabwaja leo, watu watasherehekea, watasahau kuliambia Sikio. Kesho yake mtu atashikwa. Nitakwenda kumwambia nini mama yake? Kwamba tulilinda hadithi?"

Yule bwana alikuwa amesema kweli tupu, na Godeliva alilijua hilo.

"Halitasahauliwa," alisema Perusi kutoka mwisho wa benchi.

Wote wakageuka.

"Nitakuwa ninaliambia mimi. Kila mtoto. Na watu hawataanza kuungia sauti mpya mpaka nimeliambia. Mimi sisahau, Meneja. Nikijigeuza kitandani nakumbuka." Akainuka. "Na siku wakubwa zako watakapolitumia kutuchunguza, sauti itakayofuata sitaliambia."

Meneja alimtazama kwa muda mrefu. Yeye ndiye aliyembeba siku ile, na wote wawili walilijua hilo.

"Na hiyo kanuni nyingine?" aliuliza Mama Skola.

Godeliva akaifuta mbele yao. "Kichwani itabaki," alikiri.

"Cha kichwani mwako ndicho tunachouliza, mwanangu."

"Kichwani itakaa, mama. Haitoki."

Mama Skola alimkagua usoni, kama anayepima chumvi kama imekauka, kisha akampa kikombe cha uji kilichojaa pomoni.

Meneja akajisogeza pembeni ya mlango, na Godeliva akaituma kwenye Sikio ile kanuni ya sauti moja. "Basi tuijaribu," alisema Meneja. "Nani atajaribu?"

Hapakuwa na haja ya kuuliza. Perusi alikuwa ameshavuka kizingiti.

Hakuwa ameingia humo tangu siku ile. Alitembea katikati ya makarai, polepole, na wanawake wakamfuata kwa mbali, Godeliva akiwa kati yao. Perusi alisimama kwenye nguzo kwanza. Alisogeza mdomo karibu na kile kisahani cheusi akakipa sauti ya Yusto, *nge*, mara moja, kama mtu anayemkabidhi mwenzake ufunguo. Kisha akaenda mpaka kwenye karai kubwa. Reki ilikuwa inazunguka, meno yake yakikwaruza chini, chumvi ikijikusanya nyeupe mbele yake. Akasogea karibu, karibu kuliko walivyotaka. Mama Skola akashika kinywa chake.

Perusi hakupiga kelele. Alisema taratibu, kama unavyomwambia mtu uliyemjua siku nyingi.

"Singemangemange."

Reki ikasimama.

Mabomba yakasimama, mikanda ikasimama, na nyumba yote ikawa kimya kiasi cha kusikia chumvi ikipasukapasuka kwenye sehemu zenye moto. Perusi alikitazama kile chuma. Mabega yake yakaanza kutikisika. Alinyosha mkono wake uliobaki, akaligusa jino moja la reki kwa ncha ya kidole, akakiacha kidole hapo.

"Kumbe unaweza," aliiambia reki.

Kwa Sheria ya Koo, mtu yeyote mle ndani angeweza kusema neno moja kavu na kazi ikaendelea. Chumvi ilianza kushika chini ya karai na harufu ya kuungua ikapanda. Godeliva alimtazama Meneja, akamwona amejifunga mdomo kwa kiganja chake mwenyewe. Hakuna aliyesema kitu, si Mama Skola, si Domitila, si wapima mifuko wa kwenye mizani. Walisimama wote wakaiacha chumvi iungue, wakimngoja Perusi alie mpaka amalize.

Alipomaliza akajipangusa uso kwa lile fundo la gauni, akarudi nyuma hatua moja.

"Endelea," alisema.